Kabila la Jicho Moja

Mimi nikienda soko la Gakoromone huwa napita mbio upande wa nafaka. Nanunua ndizi, nanunua viazi, nabishana na muuza nyanya mpaka tunachokana, lakini kwa wale wa magunia namtuma mtu. Juzi sikuwa na wa kumtuma. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anafungua gunia la kunde mpya, vumbi lake likanipanda puani, lile vumbi la maganda makavu na jua la kule chini, na kabla sijajua nafanya nini mkono wangu ulikuwa umezama ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Mwenye gunia akanitazama. "Mathe, unanunua ama unaoga?" Nikacheka kwa aibu, nikanunua kunde ambazo sikuzihitaji.

Nyumbani nilizimwaga kwenye ungo nikakaa kuzitazama. Kunde ina jicho moja, jeusi, katikati ya tumbo. Wengine wenu mnaona mboga. Mimi naona majitu, na naona jiko la nyanya yangu, na mdogo wangu Nyaga ameshika shavu kama mzee anayefikiria kesi ya shamba.

Tulikuwa watoto watatu. Wawira alikuwa mkubwa, ameanza sekondari ya bweni na tayari anatembea kama mwalimu. Mimi Marigu nilikuwa wa katikati. Nyaga alikuwa ndiyo kwanza anaanza kung'oa meno. Baba alikuwa karani katika ofisi moja mjini Meru na tuliishi huko, nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Sisi wenyewe ni wa Embu, upande wa juu kabisa ambako chai inaota na baridi haiishi. Mama alitoka Siakago, kule Mbeere, chini kwenye joto. Likizo ninayotaka kuisema ni ile Mama alipofariki hospitalini, tukamzika juu, kwenye shamba la Baba. Baada ya mazishi watu hawakuondoka. Walibaki kwa sababu kulikuwa na jambo la kuzungumzwa, na jambo lenyewe lilikuwa sisi.

Ili mnielewe lazima niwaambie habari ya majina. Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Msichana wa kwanza anaitwa nyanya mzaa baba, wa pili anaitwa nyanya mzaa mama, na wavulana hivyo hivyo upande wa babu. Na si jina tu. Ukiitwa mtu, wewe ndiye huyo mtu. Mama hakuwahi kunichapa hata siku moja, kwa sababu ungemchapaje mama yako mzazi? Alikuwa ananiita Mami. Nikivunja kikombe anasema, "Mami, kwani macho yako yameanza kuzeeka?" Wawira alikuwa analalamika kwamba yeye anachapwa sana kwa sababu ni mama-mkwe. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nyanya wa juu, Cucu kama tunavyomwita, mama yake Baba, alikuwa na jina la Wawira. Cucu wa Siakago alikuwa na jina langu. Nyaga alikuwa babu yetu aliyekufa zamani, mwenye boma lile lile la juu. Tangu asubuhi ya kwanza baada ya mazishi Cucu wa Siakago alikuwa ameketi sebuleni na leso yake na mfuko wake, akisema jambo moja tu: "Nimemzika binti yangu huku. Sasa na mimi mwenyewe mnanibakisha huku?" Mimi mwenyewe, yaani mimi. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilikuwa nimebeba chupa ya chai, na nusura niiangushe.

Baba alisema kwa sauti ya chini, "Watoto hawa wasitenganishwe."

"Sawa," Baba Mkubwa akamjibu. Huyo ni kaka yake Baba, mtu mkubwa wa mwili, mzee wa kanisa, si mbaya. "Sawa kabisa. Utawalea na nani huko Meru? Uende kazini umfungie huyu mdogo kwa nyumba?"

Baba alitazama mikono yake. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akikosa la kusema mbele ya watu, na nilitoka mle ndani nikiwa na hasira naye, ndiyo, hasira, kwa sababu nilidhani baba akisema neno basi limekuwa.

Nilimkuta Wawira jikoni pamoja na Nyaga, ametandika gunia sakafuni, mbali kidogo na moshi. Mvua ilikuwa inanyesha. Wawira alikuwa na mchezo alioutoa bwenini, wasichana wa huko waliuchota kwa mwenzao ambaye kaka yake alisoma ng'ambo. Haukuwa na ubao wala kadi, ulikuwa na dadu moja ya ludo na mdomo wa Wawira. Anasimulia safari katika nchi ya Wayunani wa zamani, nchi ya miungu wenye wivu na bahari nyeusi kama divai ya meza ya Bwana, na nyinyi mnakuwa watu wa ndani ya hadithi. Anakuuliza, umefika penye mto, unafanya nini? Unasema, unarusha dadu, dadu inaamua kama umezama. Tulikuwa tumeucheza Meru wakati Mama yuko hospitalini, tukicheza kama sisi wenyewe tu, binadamu watupu, na tulikufa upesi sana. Safari hii, Wawira akasema, tutacheza ule mzima wenyewe. Kwanza kila mtu achague kabila.

Alikuwa ameyapanga makabila juu ya gunia, kila moja na punje yake. Maharagwe mekundu yalikuwa nusu-mungu, wale ambao mzazi mmoja ni mungu na mwingine ni mtu wa kawaida. Njahi, nyeusi yenye mstari mweupe mgongoni, zilikuwa watu-farasi, binadamu mpaka kiunoni na farasi kuanzia hapo. Ndengu zilikuwa wasichana wa mito. Hizo zote zilitoka Meru, zimebaki kwenye mkebe wa Mama. Kunde tu ndizo zilitoka kwa mfuko wa Cucu wa Siakago, maana juu kwetu kunde haziishi, baridi inaziua. Wawira aliziona zina jicho, akasema hizi ni majitu ya jicho moja.

"Kila kabila lina nguvu na lina udhaifu," alituambia. "Mtu-farasi anakimbia kuliko upepo lakini haingii nyumbani mwa watu. Msichana wa mto anaponya, lakini hawezi kwenda mbali na mto wake. Jitu lina nguvu za ng'ombe kumi, lakini ni jinga."

"Sitaki ujinga," nikasema.

"Basi usichague. Lakini ukishachagua hubadilishi. Na wa kabila moja hawatenganishwi njiani, hata na miungu. Hiyo ni sheria."

Cucu wa juu aliingia kuchukua kuni, akasikia hilo neno la mwisho. "Miungu? Ngapi? Katika nyumba hii?" Wawira akasema ni masomo ya shule. Cucu akasimama na kuni zake, akatazama gunia. "Na mnachagua kabila. Ngai! Kabila linachaguliwa? Mtu anazaliwa nalo, kama jina." Akatoka akisonya. Lakini mimi nilikuwa nimeshika ile sheria na siiachi. Wa kabila moja hawatenganishwi.

Sasa hapa ndipo akili yangu ya kitoto ilipofanya kazi yake. Baba Mkubwa alipita kwenda chooni, akachungulia mlangoni ajikinge mvua. "Mnafanya nini, watoto?"

"Tunachagua kabila," Nyaga akasema.

"Vizuri. Mkimaliza kuchagua mje mtuambie." Alisema vile mtu mzima anavyosema kwa mtoto, akiwa hasikii hata anachosema. Mimi nikasikia amri. Kumbe wale wazee wamekaa sebuleni siku zote hizo wakitungoja sisi. Kumbe Baba hakuwa ameshindwa, alikuwa anangoja jibu. Sote watatu tukichukua punje ya aina moja, itabidi watuache pamoja, kwa sababu ni sheria. Nawaapia niliamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Nikasema tuwe nusu-mungu. Wawira akasema hapana, nusu-mungu anakuwa mmoja tu kwa safari, miungu hawazai ovyo. Njahi? Watu-farasi hawaingii nyumbani, na mimi nilikuwa nataka nyumba. Ndengu Nyaga alizikataa kwa hasira, yeye si msichana. Zikabaki kunde. Ujinga nikauona ni bei ndogo.

Shida ilikuwa Nyaga. Alikuwa amefumba haragwe jekundu mkononi na hafumbui.

"Mimi ni nusu-mungu."

"Kwa nini lakini?"

"Wawira alisema nusu-mungu anaweza kushuka kwa watu waliokufa akamchukua mtu wake akapanda naye."

Wawira akainamisha kichwa. Ni kweli alikuwa ameyasema hayo, kule Meru, Mama bado anapumua, ilikuwa hadithi tu. Chini kabisa kuna nchi ya wafu. Anayeshuka anapewa sharti moja: asigeuke nyuma. Akigeuka, anarudi mikono mitupu.

"Mama alienda mbinguni," nikamwambia Nyaga.

"Mbona walimweka chini?"

Wawira, na masomo yake yote, alichukua kijiti akachokora moto usiohitaji kuchokorwa. Moshi ulikuwa mwingi, kila mtu alikuwa na sababu ya kufuta macho.

Tulikaa kwenye kubishana huko siku hiyo na kesho yake. Safari yenyewe hatukuianza. Nilimbembeleza Nyaga, nikamtisha, nikampa sukari niliyoiiba kabatini. Alikula sukari na hakufumbua mkono. Sebuleni nako sauti zilikuwa zinapanda, nasikia "jina langu," nasikia "shule," nasikia "na huyu mdogo je." Nilikuwa naona kama maji yanajaa nyumbani na mimi ndiye pekee ninayeyaona. Mwishowe nikamgeukia Wawira. "Kwani majitu hayawezi kushuka? Yana nguvu za ng'ombe kumi. Yaruhusu yashuke."

"Hadithi haisemi hivyo."

"Wewe si ndiye mwenye hadithi? Aki Wawira, yaruhusu."

Nafikiri yeye alikuwa anajua. Alikuwa na umri wa kujua jinsi mambo ya sebuleni yatakavyoisha, na alikuwa mtoto bado kiasi cha kutaka yaishe vingine. "Haya," akasema. "Majitu yanaruhusiwa kushuka. Hata moja linaweza kushuka kwa niaba ya mengine."

Nyaga akafumbua mkono. Haragwe lilikuwa limelowa jasho. Akaliweka juu ya gunia, akachukua kunde, akanipa. Wawira akanipa ya kwake. Nilishika kunde tatu kiganjani na nilikuwa na furaha ambayo sina neno lake.

Nilikimbia kwenye mvua mpaka sebuleni. Yale yaliyokuwa yamesemwa kabla sijaingia sikuyajua, Baba ndiye alikuja kunieleza nikiwa mtu mzima na watoto wangu. Alikuwa ameshindwa hoja zote, imebaki moja. Alikuwa amewaambia, "Basi mtoto mwenyewe aulizwe. Marigu aulizwe anataka kukaa wapi, na atakalosema lifuatwe." Na wote, hata Cucu wa Siakago, walikuwa wamekubali. Baba alikuwa na hakika nitamtaja yeye. Alikuwa anainuka kuja kuniita.

Mimi hapo mlangoni, nimelowa, nahema. "Tumemaliza kuchagua," nikasema. Nikazipanga zile kunde juu ya meza, mbele ya vikombe, ili kila mtu azione. "Ni hizi."

Cucu wa Siakago ndiye aliyenyoosha mkono. Aliokota moja, akaigeuza. "Kunde zangu," akasema. "Mmeona? Kuna maharagwe na njahi nyumba hii nzima, ameniletea kunde. Hakufundishwa na mtu. Jina limemwambia."

"Mwenyewe amejibu," Baba Mkubwa akasema.

Baba alinitazama. "Mami," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, hilo ni jina ambalo Mama tu alikuwa ananiita. "Ni wewe umetaka hivi? Hakuna aliyekutuma?"

Nikasema, "Ni mimi, Baba. Nyaga alikuwa anakataa lakini amekubali."

Alikaa tena kwenye kiti. Akachukua kofia yake magotini akawa anaikunja ukingo, anaikunjua, anaikunja. Cucu alizifunga zile kunde kwenye pembe ya leso yake, fundo dogo gumu. Mimi nilirudi jikoni nikiruka madimbwi. "Wamekubali!" niliwaambia wenzangu. Nyaga alicheza. Wawira hakucheza, akaniuliza, "Wamekubali nini?" Nikamwambia sheria. Alianza kuokota maharagwe, njahi na ndengu, akizirudisha kwenye mkebe taratibu.

Pikapu ya jirani ilikuja asubuhi iliyofuata. Nguo zangu zilikuwa zimefungwa tayari. Hata wakati huo sikuelewa. Niliuliza, "Na hawa wengine wanakuja lini?" Cucu akasema, "Watakuja, watakuja," na mimi nikaona ni haki, gari lenyewe ni dogo, itabidi waje na lingine. Kwa hiyo sikulia. Nyaga pia hakulia, alikuwa amesimama kando ya michai akitabasamu na pengo lake la kwanza. Nikasikia shangazi mmoja akisema, "Hawa watoto hata hawalii, Bwana asifiwe." Baba hakuwepo. Alikuwa ameenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi au kwenye migomba, sijui.

Barabara ile inateremka tangu unapotoka langoni. Unateremka, unateremka, baridi inakuacha, unavua sweta, na kule mbele unaona tambarare imelala kwenye vumbi lake. Tulipofika kwenye kona nikapiga magoti kwenye kiti, nikageuka nyuma, nikampungia Nyaga mkono kwenye kioo. Alikuwa bado amesimama. Yeye hakunipungia. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili, na nikashangaa kwa nini.

Siakago sikuteswa, nisije nikasema uongo. Cucu alinipenda mno, alikuwa ananipa kiti chake mbele ya wageni. Alizipanda zile kunde karibu na mlango, zikaota zote. Mimi nilikuwa nalala ukingoni mwa kitanda, nimewaachia wenzangu nafasi upande wa ukuta. Kila gari likipita nilitoka. Cucu, aliyeniita kama anajiita mwenyewe, alikuwa ananiambia, "Mimi, rudi ndani, jua litakuua," na siku moja, sikumbuki ni ipi, nilirudi ndani, nikalala katikati ya kitanda. Hapo ndipo nililia.

Walinipeleka juu Krismasi. Ile pikapu ilipoingia langoni Nyaga alitoka mbio, amerefuka, na mimi nikafungua mikono. Akanipita. Akaenda moja kwa moja nyuma ya gari, akapanda, akafunua turubai. Akasogeza magunia ya ndengu. Akachungulia chini ya kiti. Kisha akashuka polepole akaja kusimama mbele yangu, akaniangalia viatu.

"Uligeuka," akasema. "Siku ile. Nilikuona kwa kioo."

Nilitaka kumwambia Siakago ni kwa Cucu tu, kuna mbuzi, kuna shule, kuna duka la sukari. Nilitaka kumwambia ule ulikuwa mchezo. Lakini alikuwa amengoja miezi yote hiyo, na nikaona nikisema hivyo Mama atakufa tena, papo hapo, mbele yake, na safari hii nitakuwa nimemuua mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Niligeuka."

Alifikiria kidogo. Halafu akanishika mkono, kana kwamba mimi ndiye mdogo, akaanza kunipeleka jikoni kwenye moto. "Si neno," akasema. "Ukishuka tena usigeuke."

Nilishuka tena baada ya sikukuu, na likizo iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Siku hizi Nyaga ni mwalimu kule Muthara, ana kitambi na watoto, na hatujawahi kulizungumza. Lakini nikimtembelea huwa ananisindikiza mpaka langoni, na hapo anasimama. Nasikia hafungi lango. Natembea mpaka kwenye kona, shingo imenikaza, macho yananiuma, na sigeuki.